Misuli ikicheza na mwili ukikosa nguvu: namna ya kuitibu hofu bila kupuuza ugonjwa

Jicho likicheza, wengi wetu tunacheka. Mmoja atasema kuna mgeni njiani, mwingine atasema utasikia habari, na ubishi utakuwa kama ni jicho la kulia au la kushoto. Ikicheza nyama ya mguu usiku, nyumba nzima imelala, hakuna anayecheka. Unashika simu, unaandika dalili zako, na baada ya kurasa mbili tatu umeshafika kwenye ugonjwa unaoua seli za neva. Kuanzia hapo kila mruko wa msuli unakuwa ushahidi. Kesho yake mguu ni mzito, keshokutwa mkono unatetemeka ukishika kikombe, na wiki inayofuata unalinganisha shavu la mguu wa kulia na la mguu wa kushoto mbele ya kioo.

Mwongozo huu ni kwa aliyefika hapo. Ushauri wangu mkuu ni huu: pimwa vizuri mara moja, kisha acha kujipima. La kwanza linachukua siku chache. La pili ndilo lenye kazi, na huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Hatua ya 1: Dalili zisizosubiri

Soma sehemu hii mara moja tu. Ukijikuta humu, weka simu chini uende hospitali leo.

- Udhaifu wa ghafla wa upande mmoja, mdomo kwenda upande, maneno kutotoka sawasawa. Hiki kinaweza kuwa kiharusi. Usisubiri ipoe, wala usikubali kukandwa kwanza.
- Miguu kulegea na ulegevu kupanda juu siku hadi siku, hasa baada ya kuhara au mafua. Kupumua kukianza kuwa kwa shida, ni dharura kubwa.
- Kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au ganzi makalioni na sehemu za siri, pamoja na miguu kukosa nguvu.
- Kope kushuka na kufunika jicho, kuona vitu viwili viwili, kupaliwa unapomeza au sauti kubadilika, hasa ikizidi kadiri siku inavyokwenda.
- Misuli kucheza baada ya kunyunyizia dawa shambani, pamoja na jasho jingi, mate, machozi na kifua kubana. Hiyo ni sumu ya viuatilifu. Vua nguo, oga kwa maji mengi na sabuni, na uende hospitali ukiwa na chupa ya dawa ili wasome lebo.
- Taya kukaza baada ya jeraha. Ni dalili ya pepopunda.
- Mkojo kuwa mweusi kama kola baada ya kazi nzito au mazoezi makali.

Mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea ghafla mguu au mkono, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ni miongoni mwa dalili ambazo watumishi wa afya wanatakiwa kuzitolea taarifa kwa ajili ya ufuatiliaji wa polio. Na kwenye maeneo yanayotegemea muhogo mchungu, hasa wakati wa ukame muhogo unapoliwa kabla ya kulowekwa na kukaushwa vya kutosha, miguu yote miwili kukakamaa ghafla yaweza kuwa konzo, ugonjwa uliowahi kuonekana Kongo, Msumbiji na sehemu za Tanzania.

Hujajikuta humo? Basi una muda. Hakuna kitu katika yanayofuata kinachohitaji kufanywa usiku wa leo.

Hatua ya 2: Tenganisha kuhisi udhaifu na kushindwa

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, na madaktari wenye haraka hawalielezi. Mgonjwa mwenye udhaifu halisi wa msuli hushindwa kufanya jambo. Ndala inachomoka mguuni kwa sababu vidole havishiki. Ncha ya mguu inaburuza na anajikwaa. Hawezi kuinuka kwenye kigoda bila kujisukuma kwa mikono. Hafungi vifungo vya shati alivyokuwa akivifunga mwezi uliopita. Ndoo aliyoizoea haiinuki tena, leo, kesho, na wiki ijayo. Mara nyingi huwa hata hajaogopa. Anaona tu kuwa mambo yamebadilika, au mtu mwingine ndiye anayemwambia.

Mwenye udhaifu wa kuhisi anaeleza kwa namna nyingine. Mguu "kama" si wake. Mkono "kama" umeishiwa. Lakini amepanda ngazi, amebeba mtoto, amefua, ameendesha pikipiki kutoka kazini. Udhaifu wake unahama: jana kushoto, leo kulia. Unazidi akikaa peke yake na kufikiri, unapungua akishikwa na shughuli. Uchovu huo upo kweli, simwambii mtu kwamba anajifanyisha. Misuli iliyokazwa na hofu mchana kutwa huchoka kama iliyofanya kibarua. Mtu anayepumua haraka haraka kwa wasiwasi hupunguza hewa ya kaboni kwenye damu, na matokeo yake ni ganzi za vidoleni na mdomoni, kizunguzungu na misuli kukakamaa. Kila moja ya hizo inamwongezea hofu.

Jiulize swali moja, uliandikie jibu: *ni kitu gani nilichokuwa nakiweza miezi miwili iliyopita ambacho sasa siwezi kabisa?* Likiwepo jibu la wazi, lipeleke kwa daktari wiki hii. Lisipokuwepo, bado nenda, ila bila kukimbia.

Hatua ya 3: Jua kinachochezesha misuli

Watu wengi wenye afya hupata misuli kucheza, hasa kwenye kope, mashavu ya miguu na nyayo. Neva inayoufikia msuli hujiwasha yenyewe, kundi dogo la nyuzi linaruka, basi. Zinazochochea ni kukosa usingizi, kazi au mazoezi yaliyozidi, kahawa, vinywaji vya kuongeza nguvu, mirungi, pombe, na adrenalini ya wasiwasi wenyewe. Kushtuka mwili mzima wakati usingizi unaanza kukuchukua nako ni jambo la kawaida.

Kisha kuna sababu zinazotibika ambazo zinastahili kutafutwa. Potasiamu, kalsiamu au magnesiamu ikishuka, kwa mfano baada ya kuhara sana au kwa kutumia vidonge vya presha vinavyoongeza mkojo, misuli hulegea, hukaza au hucheza. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi huleta mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio na mapaja kukosa nguvu. Vitamini B12 hupungua kwa baadhi ya watu waliotumia metformin ya kisukari kwa miaka. Isoniazid ya kifua kikuu huweza kuleta ganzi na miguu kuwaka moto, ndiyo maana huambatanishwa na vitamini B6. Dawa za kushusha lehemu huweza kuumiza misuli, na salbutamol ya pumu hutetemesha mikono. Usiache dawa yoyote kwa kusoma aya hii. Ziandike zote, uende nazo kwa daktari.

Neno kuhusu "dawa za mishipa" zinazouzwa madukani, zile za mchanganyiko wa B1, B6 na B12. Watu hunywa miezi kwa miezi bila kupimwa, wakiamini vitamini haina madhara. Vitamini B6 ikizidi kwa muda mrefu huharibu neva za hisia, na kinachofuata ni ganzi na michomo, yaani zile zile dalili ulizokuwa unazikimbia.

Hatua ya 4: Ukabili ugonjwa unaouogopa kwa jina lake

Wengi wanaogopa ALS, ugonjwa wa seli za neva zinazoendesha misuli. Umejulikana kwa watu maarufu: Lou Gehrig, mchezaji wa besiboli wa Marekani aliyegunduliwa mwaka 1939 na kufariki 1941, na mwanafizikia Stephen Hawking, aliyegunduliwa mwaka 1963 akiwa na miaka 21. Mwaka 2014 dunia nzima ikaonekana inajimwagia ndoo za maji ya barafu kuuchangia, na watu ambao hawakuwahi kuusikia wakaujua.

Sasa pima. Ulaya, ugonjwa huu hupata takriban watu 2 wapya katika kila 100,000 kwa mwaka, wengi wao wakiwa wamevuka miaka 50. Na kwa kawaida kinachomleta mgonjwa hospitali ni kushindwa kulikoelezwa hapo juu, au ulimi mzito, hali inayoendelea kuzidi bila kurudi nyuma. Misuli kucheza huwa ndani ya picha hiyo. Ni nadra sana kuwa picha yote.

Mwaka 1993 madaktari wa Mayo Clinic ya Marekani walitoa taarifa ya wagonjwa 121 waliokuwa na misuli kucheza bila dalili nyingine za ugonjwa wa neva. Waliwafuatilia kwa kati ya miaka 2 na 32. Hakuna hata mmoja aliyepata ALS. Wapo pia madaktari wanaokumbwa na hofu hii hii: mwaka 2013 wataalamu wa neva wa Australia walichapisha makala juu ya wahudumu wa afya waliokuja kwao wakiwa na misuli inayocheza na wasiwasi wa ugonjwa huo. Kwa hiyo si suala la kukosa elimu, na anayekuambia "wewe umesoma, unaogopaje?" hajui anachosema.

Ukishausoma ukurasa huu wa takwimu, usiurudie kila jioni. Nitaeleza sababu.

Hatua ya 5: Pimwa mara moja, pimwa vizuri

Anzia zahanati au kituo cha afya cha karibu, ila omba rufaa kama hakuna wa kukuchunguza mishipa ya fahamu. Andaa nusu ukurasa: ilianza lini, iko wapi, inazidi au inahama, unashindwa nini, dawa zote unazotumia pamoja na za miti shamba, kahawa, pombe, mirungi, usingizi, na yaliyokupata maishani siku za karibuni. Msiba, deni, kufukuzwa kazi, ndugu aliyeugua: viandike. Kisha sema lile unaloona haya kulisema:

"Daktari, ninaogopa nina ugonjwa wa neva. Naomba unichunguze nguvu za misuli, na uniambie ulichokiona."

Uchunguzi wenye maana hufanywa kwa mikono. Daktari atakusukuma na kukuvuta mikono na miguu, atagonga magoti na viwiko kwa nyundo ndogo, atatazama ulimi, atapima hisia, atakutembeza kwa visigino na kwa vidole. Dakika kumi na tano za namna hiyo zina uzito kuliko faili la vipimo vilivyoagizwa na mtu ambaye hakukugusa. Za damu zinazofaa ni picha kamili ya damu, sukari, figo na madini yake, kalsiamu na magnesiamu, tezi ya shingo, B12 na kimeng'enya cha misuli kiitwacho CK. Kipimo cha VVU kiingizwe pia. Pahali pengine havipatikani vyote. Daktari atachagua kulingana na anachokiona.

Kipimo cha umeme wa misuli hupatikana hospitali chache kubwa na kina gharama. Kinahitajika daktari akikuta udhaifu, misuli iliyopungua au magoti na viwiko vikiijibu nyundo isivyo kawaida. Kama uchunguzi wa mikono ni safi, usiuze mbuzi kwa ajili yake.

Kabla ya kutoka uliza mambo mawili: "Dalili gani mpya zinirudishe?" na "Nije lini tena?" Andika majibu. Karatasi hiyo ndiyo itakayotawala kuanzia sasa, si simu.

Hatua ya 6: Acha kujipima

Umetoka hospitali, umeambiwa uko salama. Unafurahi siku mbili. Siku ya tatu kidole gumba kinaruka na sauti inasema: *labda hakuona vizuri.* Unajipima tena.

Tazama kinachotokea. Unasimama kwa mguu mmoja kuona kama unatetemeka. Unatetemeka, kwa sababu kila mtu hutetemeka akitazamia kutetemeka. Unarudia mara kumi, msuli unachoka, unatetemeka zaidi, na sasa una ushahidi. Unapima mzunguko wa mapaja kwa utepe wa fundi cherehani; yamepishana, kwa sababu mapaja ya karibu kila mtu hupishana kidogo. Unaminya nyama ya gumba hadi inauma. Ni kama kufukua mbegu kila asubuhi kuona kama imeota. Hata usipojipima na kubaki unasikilizia tu, akili iliyoelekezwa mguuni itausikia kila mruko ambao zamani ulipita bila wewe kujua.

Na kila unapojipima na kukuta uko sawa, unapata nafuu ndogo. Nafuu hiyo ndiyo mtego, kwa kuwa inaufundisha ubongo kwamba umepona *kwa sababu* umejipima. Hofu ikirudi, inadai malipo yale yale, na kila mara inaongeza bei.

Fanya hivi:

Siku ya kwanza hadi ya saba, usibadilishe chochote. Weka alama tu kwenye daftari kila unapojipima, kutafuta dalili mtandaoni, au kumuuliza mtu. Wengi hushtuka kwa idadi.

Wiki ya pili, chagua kipimo kimoja unachokipenda zaidi, uache hicho tu. Hamu ikija, usipigane nayo wala usiitii. Sema kwa sauti ya chini, "Hii ni hamu ya kujipima," kisha fanya jambo la mikono kwa dakika ishirini: chambua mchicha, fagia uwanja, fua. Hamu hupanda, hufika kileleni, hushuka. Utalijua hilo kwa kulipitia, si kwa kuambiwa.

Wiki zinazofuata, ongeza kipimo kingine, kisha kingine. Ukianguka siku moja, endelea kesho pale pale ulipoishia. Usianze upya kuanzia mwanzo.

Mawazo yenyewe yawekee saa. Mathalani saa kumi na moja jioni, dakika kumi na tano, kaa chini uogope kwa makusudi, uandike yote. Wazo likija saa nne asubuhi, liambie lisubiri zamu yake. Inasikika kama mchezo, lakini wataalamu wa saikolojia huitumia mbinu hii kwa watu wenye wasiwasi wa muda mrefu. Isiwe tu karibu na kulala.

Kuhusu kuuombea mwili wako: anayeswali aswali, anayesali asali. Ila dua ikigeuka kurudiwa mara thelathini kwa sababu "haikutoka vizuri", hiyo nayo imekuwa aina ya kujipima, na inafaa kushughulikiwa vivyo hivyo.

Hatua ya 7: Simu na watu wa nyumbani

Simu ni rahisi kueleza, ngumu kutenda. Usitafute dalili mtandaoni kabisa kwa mwezi mmoja. Ondoka kwenye makundi ya watu wanaojadili misuli inayocheza, hata yale ya kutiana moyo, maana ndani yake kuna mmoja kila wiki anayesimulia jambo jipya la kuogopa. Simu ilale chumba kingine.

Watu wa nyumbani ni suala jingine. Mume anamuuliza mke kila usiku, "Hebu nione, mkono huu haujakonda?" Naye kwa upendo anajibu, "Haujakonda, baba." Kesho swali ni lile lile. Kaeni mchana, siku ya utulivu, mkubaliane jibu moja. Kwa mfano: "Baba Fulani, hilo tulishakubaliana nisilijibu. Najua unaogopa. Twende tukatembee." Huo si ukatili. Kinachoumiza ni kejeli ("una wazimu gani?") au kukasirika. Wazee wakisema umerogwa au umekumbwa na upepo mbaya, huna haja ya kugombana nao. Sikiliza kwa adabu, waeleze ulichoambiwa hospitali, na usikubali kuchanjwa au kunywa dawa usiyojua imetengenezwa na nini.

Hatua ya 8: Urudishe mwili kazini

Aliyeogopa udhaifu huacha kutembea, hukaa, na misuli isiyotumika hudhoofika kweli. Kama daktari hakukukataza, anza na mwendo wa dakika kumi kila siku, uongeze kidogo kila wiki. Misuli itacheza zaidi baada ya mazoezi. Itegemee hivyo, usiishangae.

Kahawa na chai iliyokolea zisivuke mchana. Mirungi na vinywaji vya kuongeza nguvu, acha kwa wiki kadhaa uone. Kula maharage, mboga za majani, ndizi, karanga, korosho, mbegu za maboga. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza kuhusu potasiamu. Lala na kuamka saa zile zile.

Hatua ya 9: Hofu nayo ina daktari wake

Ikiwa miezi inapita na bado unapoteza saa nzima au zaidi kwa siku, umeacha kazi, huli, au umeshazunguka hospitali tatu ukipewa jibu moja, tatizo linalohitaji tiba sasa ni hofu ya maradhi. Inatambulika kitabibu na ina tiba. Ya kwanza ni mazungumzo ya kitaalamu yanayolenga fikra na mienendo, kwa vikao vya kila wiki, kufanya kazi kama ile ya hatua ya 6 lakini ukiwa na mtu wa kukuongoza. Dawa kama fluoxetine au sertraline husaidia pia. Huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na siku za mwanzo zinaweza kukuongezea mtetemo. Diazepam hutuliza haraka, ila mwili huizoea, na kuiacha ghafla huleta wasiwasi na misuli kuruka. Usiinunue dukani.

Uliza kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa au ya kaunti. Kwa mawazo ya kutaka kufa, usisubiri miadi: mwambie mtu wa karibu sasa hivi, asikuache peke yako, muende hospitali.

Itakaporudi

Hofu itarudi. Mara nyingi ni baada ya msiba, mitihani, au kusikia jirani amepata kiharusi. Toa ile karatasi ya daktari, soma dalili alizokuambia zikurudishe. Kama hazipo, ipe wiki nne bila kujipima na bila simu, ukiendelea na kazi. Kama ipo hata moja, panga miadi, nenda na nusu ukurasa mpya, na usubiri miadi hiyo bila kujichunguza njiani.